Majibu ya mama yasisomwe na kila mtu: kufunga folda za familia kwenye kompyuta moja

Swali limetoka kwa msomaji wa Mamboleo, Kisumu. Nyumbani kwao kuna kompyuta ya mezani sebuleni yenye Windows 11 Home na diski ya pili ya terabaiti 1. Kuna laptopu mbili, yake na moja inayotumiwa na wote, pamoja na simu tano, na vifaa vyote viko kwenye waifai ya nyumba. Folda iitwayo Nyumbani iko wazi kwa kila mtu. Wiki iliyopita shemeji yake alifungua majibu ya hospitali ya mama, akampa pole mezani kabla mama mwenyewe hajamwambia yeyote. Mama pia ni mweka hazina wa chama, na daftari la michango limo humo humo. "Niliificha folda lakini kwenye simu bado inaonekana," anaandika. "Nifanyeje kila mtu awe na folda yake na tubaki na moja ya pamoja, bila kununua kifaa kingine?"

Dada, pole kwa yaliyompata mama. Ugonjwa wa mtu ni wake kuutangaza, kwa wakati wake na kwa maneno yake. Habari njema ni kwamba mashine uliyo nayo inatosha, na kazi yote ni ya jioni moja.

Tuanze na hilo la kuficha. Folda iliyofichwa haijafungwa. Windows huiwekea alama tu ya kusema isionyeshwe, na programu nyingi za faili kwenye simu haziijali alama hiyo. Ni vivyo hivyo kwa ile mbinu ya kumalizia jina la folda ya mtandaoni kwa alama ya dola: jina halitokei kwenye orodha, lakini anayelijua analiandika na kuingia. Kinachofunga ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, yaani akaunti inayosema mtu huyu ni nani, na ruhusa inayosema huyo aone nini.

Ruhusa zenyewe ziko za aina mbili, na wengi hukwama hapa. Kuna ruhusa ya mtandaoni, inayomhusu anayekuja kwa simu au laptopu. Halafu kuna ruhusa iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Mtu akija kwa mtandao Windows huzipima zote mbili na kufuata iliyo kali zaidi. Mtu akikaa sebuleni mbele ya kompyuta, ruhusa ya mtandaoni haimhusu hata kidogo. Kwa hivyo kwenu ruhusa ya diski ndiyo kufuli lenyewe. Ile ya mtandaoni ni komeo la nje.

Kabla ya lolote, angalia diski imepangwa kwa mfumo gani. Bofya kulia kwenye D: (hiyo diski ya pili), chagua "Properties", usome mstari wa "File system". Ukiona NTFS, endelea. Ukiona exFAT au FAT32, simama hapo, kwa sababu mifumo hiyo haina mahali pa kuandika ruhusa za mtu mmoja mmoja. FAT32 unaweza kuigeuza kwa amri ya convert D: /fs:ntfs bila kupoteza faili, ingawa nakala ichukue kwanza. exFAT haigeuziki hivyo: hamisha kila kitu kwenye diski nyingine, panga D: upya kwa NTFS, kisha urudishe.

Sasa akaunti. Tafuta "cmd" kwenye menyu ya Windows, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

net user mama * /add

Kinyota kinaifanya kompyuta iulize nenosiri, na unapoliandika halionekani kwenye skrini. Usidhani kibodi imekufa. Mwite mama aliandike mwenyewe nawe ugeuke. Rudia kwa kila mtu, shemeji akiwemo. Watoto wadogo wanaweza kushiriki akaunti moja. Usimwachie mtu akaunti isiyo na nenosiri, kwa kuwa Windows humkatalia mtu wa namna hiyo kuingia kwa mtandao, kisha mtatafuta kosa lisilokuwepo.

Halafu andika mstari huu mmoja, ambao maelekezo mengi huusahau:

net accounts /maxpwage:unlimited

Akaunti zilizoundwa kwa net user huwa na nenosiri linaloisha muda baada ya siku 42. Usipoweka mstari huo, wiki sita zikipita simu ya mama itaanza kukataliwa. Kompyuta ya mezani ingemwambia abadilishe, lakini simu haisemi lolote la maana. Hurudia tu kuomba nenosiri.

Jambo jingine la kuwaeleza nyumbani ni kwamba PIN ya tarakimu nne haifanyi kazi kwa mtandao. PIN ni ya mashine ile ile ilipowekwa. Anayeingia kutoka kwenye simu huandika jina la akaunti na nenosiri kamili.

Tengeneza folda mpya, tuseme D:\Nyumba, na ndani yake folda ya kila mmoja. D:\Pamoja iwe kando. Ruhusa unaweza kuziweka kwa kubofya kupitia "Properties", "Security", "Advanced", lakini njia hiyo ina madirisha mengi na ni rahisi kuruka moja. Kwa amri ni mstari mmoja kwa kila folda:

icacls D:\Nyumba\mama /inheritance:r /grant mama:(OI)(CI)M SYSTEM:(OI)(CI)F Administrators:(OI)(CI)F

Maana yake ni hii. Sehemu ya /inheritance:r inakata ruhusa zote ambazo folda ilirithi kutoka juu, na huko ndiko shemeji alikopitia, kwa sababu diski ya pili kwa kawaida humruhusu kila mwenye akaunti kusoma na hata kubadilisha. Herufi M inampa mama haki ya kusoma, kuandika na kufuta. OI na CI kwenye mabano zinapeleka ruhusa hiyo kwenye faili na folda zote zitakazozaliwa ndani. Ukizisahau, folda inafunguka lakini faili mpya zinakataa. SYSTEM ni Windows yenyewe, iache. Andika amri hii kwenye dirisha la cmd. PowerShell husoma mabano kwa namna yake na itakupa kosa.

Usishawishike kutumia "Deny" kwa "Everyone" ukidhani ndiyo njia ya mkato. "Everyone" ni kila mtu, mama akiwa mmoja wao, na katazo hushinda ruhusa. Utamfungia nje mwenye folda.

Kuingiza faili za zamani kunataka uangalifu kuliko kazi nyingine yote. Faili ukiinakili kwenda folda mpya, inachukua ruhusa za folda hiyo. Ukiihamisha ndani ya diski ile ile, inaweza kubaki na ruhusa ilizotoka nazo. Yaani unaweza kuifunga folda ya mama vizuri kabisa, ukaburuta majibu ya hospitali hadi ndani, na faili yenyewe bado ikakumbuka kwamba kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Kwa hivyo nakili, hakiki, ndipo ufute ya zamani. Kama umekwisha hamisha, sahihisha hivi:

icacls D:\Nyumba\mama\* /reset /t

Amri hii inaziambia faili zilizomo zisahau ya zamani na kurithi za folda ya mama. Ile alama ya \* mwishoni ni lazima. Bila hiyo utaifuta na kazi uliyofanya kwenye folda yenyewe.

Ndipo ufungue njia ya mtandao. Andika net share peke yake uone kilicho wazi sasa. Majina kama C$, D$ na IPC$ ni ya Windows, yaache. Ukikuta "Users" ujue kuna mtu aliwahi kushea kitu kutoka kwenye "Documents" zake kwa kubofya, na Windows ikafungua njia ya kwenda kwenye folda nzima ya watumiaji. Ondoa hiyo pamoja na ile Nyumbani:

net share Nyumbani /delete

Usiogope neno la mwisho. Linafuta mlango wa mtandaoni tu, faili zinabaki kwenye diski. Kisha:

net share mama=D:\Nyumba\mama /grant:mama,change

Ya pamoja ni net share pamoja=D:\Pamoja /grant:Users,change. Kumbuka kwamba humo kila mmoja ataweza kufuta cha mwenzake, na faili iliyofutwa kwa mtandao haipiti kwenye pipa la taka, imekwenda. Hati ya shamba, vyeti vya KCSE na cheti cha PIN ya KRA, kama ni lazima viwe kwenye folda ya pamoja, viweke kwenye folda ndogo ambayo wengine wanasoma tu. Kwa icacls unaweka R badala ya M.

Sasa nenda "Settings", "Network & internet", "Advanced network settings", "Advanced sharing settings". Chini ya "All networks" washa "Password protected sharing" na uzime "Public folder sharing". Hii ya kwanza ikiwa imezimwa, Windows huwapokea watu bila kuwauliza majina, na ndiyo hali mliyokuwa nayo. Kisha fungua "Control Panel", "Network and Sharing Center", tafuta "Media streaming options" uzime. Huduma hiyo hupeleka picha na video kwenye televisheni na kifaa chochote cha nyumba bila nenosiri la mtu, na picha ya karatasi ya hospitali aliyoipiga mama kwa simu nayo ni picha.

Jaribu kabla ya kulala, na ujaribu kama mtu asiyeruhusiwa. Watu wengi hujaribu kwa akaunti ya mwenye folda, ikifunguka wanafurahi. Hilo halijathibitisha faragha. Andika ipconfig upate anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.1.10. Kwenye iPhone fungua programu ya "Files", chagua "Connect to Server", uandike smb://192.168.1.10/mama. Kwenye Android tumia programu ya faili inayounganisha SMB, yaani njia ambayo Windows hutumia kushea faili kwa mtandao. Ingia kwa akaunti ya shemeji, na ikatae. Kisha ukae mbele ya kompyuta yenyewe, uingie kwa akaunti yake, ujaribu kufungua D:\Nyumba\mama, na hapo pia ikatae. Wakati uo huo ingia kwenye ruta uifungie kompyuta hiyo anwani moja isiyobadilika, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi huenda ikapewa anwani nyingine na simu zote zikaipoteza.

Kwenye laptopu ya Windows utakutana na kosa la namba 1219. Linatokea kwa sababu Windows haikubali majina mawili tofauti kwa kompyuta moja ndani ya kikao kimoja: umeingia kama wewe kwenye pamoja, sasa unataka kuingia kama mama. Andika net use * /delete, kisha uanze upya. Ile laptopu ya wote nayo inahitaji akaunti ya kila mtu. Mama akiingilia kwenye akaunti ya wote na kuweka tiki ya "Remember my credentials", laptopu italikumbuka nenosiri lake kwa niaba ya yeyote atakayeketi hapo. Kama tiki imeshawekwa, fungua "Credential Manager" uifute.

Hadi hapa tumemzuia shemeji. Hatujamzuia msimamizi wa kompyuta, na jambo hili lizungumzwe waziwazi nyumbani. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kujitwalia umiliki wa folda yoyote na kuifungua. Si hitilafu, ndivyo Windows ilivyojengwa, ili mtu akisahau nenosiri faili zisipotee. Katika nyumba nyingi msimamizi huyo ni kijana aliyeiwasha kompyuta siku ya kwanza, na akaunti yake ndiyo inayoachwa wazi mchana kutwa sebuleni. Hiyo pekee inabatilisha kazi yote ya juu. Unda akaunti ya msimamizi isiyotumiwa kwa shughuli za kila siku, nenosiri lake liandikwe kwenye karatasi na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa mahali anapopajua mama. Hakikisha inafunguka, ndipo uzishushe akaunti nyingine zote ziwe za kawaida, yako ikiwemo. Na kila anayeinuka kwenye kiti abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L.

Ruhusa za diski pia hazimhusu fundi anayeichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake, wala mwizi. Ruhusa husimamiwa na mashine iliyoshika diski, na mashine nyingine ina wasimamizi wake.

Kwa hayo mawili, majibu ya hospitali na daftari la chama, ninashauri usimbaji, yaani kuigeuza faili kuwa mafumbo yasiyosomeka bila nenosiri. Daftari la chama lina namba za vitambulisho na namba za M-Pesa za akina mama wengine, ambao hawakukubali zisomwe sebuleni kwenu. BitLocker ya kusimba diski unayoichagua haimo kwenye Windows Home, ila kuna Cryptomator na VeraCrypt, zote za bure kwenye kompyuta. Kwa nyumba yenu ningechagua Cryptomator. VeraCrypt hutengeneza faili moja kubwa ya ukubwa uliopanga mwanzoni, na faili hiyo haifai kufunguliwa kwa kuandikwa kutoka mashine mbili kwa pamoja, itaharibika. Cryptomator husimba kila faili peke yake, ukubwa unakua kadiri unavyoweka vitu. Kwenye simu huduma yake kamili hulipiwa.

Mama aingie kwenye akaunti yake kwenye laptopu, afungue Cryptomator, aunde sanduku jipya ndani ya \\192.168.1.10\mama. Alifungulie kwenye laptopu hiyo, si kwenye kompyuta ya sebuleni. Sababu ni kwamba usimbaji hulinda pale faili ilipolala. Pale inapofunguliwa inasomeka kama kawaida. Akilifungulia kwenye laptopu, kompyuta ya sebuleni huona mafumbo tu, na msimamizi wake pia. Ataona idadi ya faili na ukubwa wake, hataona majina wala yaliyomo. Nayo laptopu ihesabu: msimamizi wake asiwe yule yule mnayemkwepa.

Nenosiri la sanduku liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo mama anaweza kuyakumbuka kwa lugha anayoiota. Kidholuo ni sawa kabisa, mradi yasiwe majina ya wajukuu. Na wakati wa kuunda, programu inauliza kama mnataka ufunguo wa dharura, ambao ni orodha ndefu ya maneno. Kubalini. Uchapisheni kwa karatasi nyumbani. Usiupeleke saiba kuchapisha, wala usiupige picha kwa simu, kwani picha itapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni na kuonekana kwenye kila simu iliyounganishwa na akaunti hiyo. Nenosiri likisahaulika na karatasi ikapotea, hakuna fundi wa Kisumu wala Nairobi atakayeifungua.

Ruta haitaki maneno mengi. Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio yake, lile lililobandikwa chini, zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN fupi), na kinga ya waifai iwe WPA2 au WPA3. Wageni na televisheni wape waifai ya wageni, ambayo kwenye ruta nyingi inawapa intaneti bila kuwaonyesha kompyuta za nyumba, ila hakikisha kwa kujaribu kufungua folda ukiwa humo. Usichomeke diski ya familia kwenye tundu la USB la ruta, kwani ruta nyingi za nyumbani huifungua kwa wote, na nyingine hutumia SMB toleo la 1, lile lile ambalo kirusi cha WannaCry kililipitia Mei 2017 na ambalo Windows za sasa huja likiwa limezimwa. Na mtu akikuambia ufungue mlango wa 445, ule ambao SMB hupitia, kwenye ruta ili mfikie faili mkiwa safarini, kataa. Huo unaiweka kompyuta ya mama mbele ya dunia nzima.

Anayesoma haya akiwa Nakuru au Kakamega kwenye nyumba ya kupanga yenye waifai ya ploti, hali yake ni tofauti: majirani wote wako kwenye mtandao mmoja naye. Aweke ruta yake ndogo kati ya waya wa ploti na vifaa vyake, au aache Windows ikiuhesabu mtandao huo kuwa "Public" na asishee folda kabisa.

Limebaki suala la nakala. Eneo lenu lina radi nyingi, na umeme hurudi kwa kishindo, kwa hivyo diski moja si hifadhi. Nunua diski ya nje ukiweza, nakili D: mara moja kwa wiki, kisha uichomoe, inayobaki imechomekwa inaungua pamoja na kompyuta. Ila kumbuka tulilosema: kama diski hiyo ni exFAT, ruhusa zote zimebaki nyuma, na atakayeichomeka popote atasoma kila folda. Sanduku la Cryptomator peke yake ndilo linalosafiri likiwa limefungwa. Diski yenyewe ikae kabatini kwa mama, chini ya ufunguo wake.

Ukimaliza, kaa na mama umwonyeshe mara tatu kufungua na kufunga sanduku, mara ya tatu yeye akiwa peke yake kwenye kibodi. Akikwama, angalia kwanza kama herufi kubwa zimewashwa.